Darasa la saba alikuwa wa tatu, kidato cha kwanza kaanguka kila somo kasoro Kiswahili

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Kilosa mkoa wa Morogoro, asubuhi nauza chai na vitumbua, jioni nakaanga mihogo. Nakuandikia saa tano hii ya usiku wenzangu wamelala maana mchana nikianza kulielezea hili jambo machozi yananitoka na wateja wananiona.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 14. Shule ya msingi alikuwa anashika namba, la saba alikuwa wa tatu darasani, walimu wake walikuwa wananiambia mama huyu ni wa kufika mbali. Akachaguliwa kwenda shule ya kata, ni kama saa moja na nusu kwa mguu kutoka hapa nyumbani. Sasa mwezi wa kumi na mbili kaleta ripoti ya mwaka nikadhani wamekosea jina. Kiswahili 68, Biolojia 28, Jiografia 27, Historia 19, Kiingereza 18, Kemia 15, Fizikia 12, Hesabu 9. Tisa mwalimu! Nafasi ya 118 kati ya 131.

Baba yake alimchapa siku ile mpaka jirani akaja kugonga mlango. Halafu akatamka kwamba ripoti ya mwezi wa sita ikija hivi hivi basi shule imeisha, anampeleka kwa rafiki yake gereji akajifunze ufundi, maana hawezi kununua madaftari ya mtu anayeenda kulala. Mtoto tangu siku hiyo haongei. Nikimuuliza tatizo nini anasema mama sielewi tu. Nikimuuliza huelewi nini anasema vyote. Mara anasema ubaoni haoni vizuri anakopi kwa jirani, mara anasema akinyoosha mkono wenzake wanamcheka Kiingereza chake kwa hiyo aliacha kunyoosha, yaani visingizio haviishi.

Kinachoniuma mwalimu ni kwamba huyu mtoto sio mjinga. Kila jumapili ndio anayenipigia mahesabu ya biashara, nampa karatasi zangu za unga, mafuta, sukari na mkaa, anajumlisha, anatoa, ananiambia mama wiki hii umepata kiasi hiki na siku fulani ulipata hasara kwa sababu ya mafuta. Hajawahi kukosea. Sasa mtu kama huyo anapataje 9 ya hesabu?

Mimi niliishia la saba, hayo madaftari yake nikifungua ni kizungu kitupu siwezi kumsaidia. Nilikuwa nafikiria nichukue mkopo kwenye kikoba nimhamishie shule ya kulipia, au nimpeleke tuisheni ya masomo yote, kuna moja hapa mtaani. Mwaka huu yuko kidato cha pili na nasikia kuna mtihani wa taifa. Nisaidie mwalimu nifanye nini, na huyu baba nimwambie nini.

Mama mwenye mawazo, Kilosa

JIBU

Marahaba mama. Pole sana, na ahsante kwa kuniandikia alama zote moja moja maana wazazi wengi huniandikia tu "mwanangu amefeli" halafu nabaki napapasa gizani. Nimefundisha hesabu na fizikia kwenye shule za kata miaka mingi na barua yako nimeisoma mara tatu, na nataka nikwambie kwamba jibu nusu umeliandika mwenyewe bila kujua.

Tuanze na hiyo ripoti kwanza. Mtoto ana 68 ya Kiswahili, hiyo ni B. Masomo mengine yote yako chini ya 30, na 30 ndipo D inapoanzia kwa madaraja ya Baraza la Mitihani. Hebu angalia hapo, katika masomo yote uliyoniandikia lililofundishwa kwa lugha anayoiota usiku ni moja tu, na hilo ndilo alilofaulu, tena vizuri. Mtoto mvivu anafeli na Kiswahili pia mama. Mtoto anayelala darasani hapati 68 ya fasihi na sarufi. Huyu kuna mahali kaangukia na mimi naamini ni kwenye daraja la lugha, pale anapotoka la saba ambako kila kitu alisoma kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza ambako kitabu, ubao na mtihani vyote ni Kiingereza. Wanapewa wiki chache mwanzoni za kuzoeshwa lugha halafu gari linaondoka, aliyepanda kapanda. Haya sio mapya, Tume ya Makweta, ile tume ya Rais ya kuchunguza elimu, ilipendekeza tangu 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili, haikufuatwa, na kila januari nawaona watoto wenye akili zao wanakaa kimya darasani kama wageni. Mimi jambo hili linaniuma na nitaendelea kulisema, lakini mwanao hawezi kusubiri sera ibadilike, mtihani wake ni mwaka huu.

Sasa turudi kwenye karatasi zako za unga na mafuta. Unaniuliza anapataje 9. Mama, kidato cha kwanza kwenye hesabu kuna mada inaitwa profit and loss. Ni faida na hasara. Ndio hiyo hiyo anayokufanyia kila jumapili! Ukimwambia umenunua vitu vya shilingi 18,000 umeuza 22,500 atakwambia faida 4,500 kabla hujamaliza sentensi, na ukimbana kidogo atakwambia ni asilimia 25 ya mtaji. Ila karatasi ya mtihani inamwambia habari za buying price na selling price (bei ya kununulia na ya kuuzia) na inamtaka percentage profit (faida kwa asilimia), anaiangalia anaona ukuta. Na mada nyingi za hesabu za mwaka ule wa kwanza ni za namna hiyo, sehemu, desimali, asilimia, uwiano, eneo na mzingo, vitu vya la tano mpaka la saba vimevalishwa koti la kizungu. Aljebra nayo ipo na inahitaji kufundishwa, sikatai, lakini 9 haitokani na aljebra peke yake.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi mia ya tuisheni mfanyie jaribio dogo usiku mmoja. Mwambie achague maswali matano ya hesabu kwenye mtihani wake wa mwisho (karatasi zilizosahihishwa warudishiwe, kama hajarudishiwa kaiombe shuleni), wewe usijali kizungu, mwambie akueleze swali linataka nini kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza swali basi tatizo ni lugha. Akieleza vizuri halafu akashindwa kukokotoa basi ni hesabu yenyewe na tutajua ni ya darasa la ngapi. Na angalia kitu kingine kwenye hizo karatasi, je ameacha wazi au ameandika? Kuna watoto nimewasahihisha wengi sana wananakili swali lenyewe kama jibu, wanaandika kwa mwandiko mzuri kabisa, na mzazi akiona karatasi imejaa anadhani mtoto alijitahidi mwalimu kamwonea. Mtoto anayenakili swali hajaelewa neno moja la pale, ila ameogopa kuacha wazi.

Halafu mama hili la ubao. Umeliandika katikati ya visingizio na mimi ndilo lililonifanya nisome barua mara ya pili. Mtoto anayesema haoni ubaoni anakopi kwa jirani, usimwite mwongo kabla hajapimwa. Darasa la watoto wengi vile, kama anakaa nyuma na macho yake yana shida ya kuona mbali, anakopi notsi zenye makosa kutoka kwa mwenzake ambaye naye hajaelewa, halafu nyumbani anakariri makosa. Nilikuwa na kijana mmoja miaka hiyo nilimchapa kwa kutokumaliza notsi, baadaye sana ndio nikagundua haoni, na mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya. Msimamishe nje mbali kidogo na bango la duka, muulize linasomekaje, wewe unalisoma yeye je? Vyovyote itakavyokuwa mpeleke kitengo cha macho hospitali ya wilaya. Hela uliyotaka kukopa kikoba, kipande chake kidogo kianzie hapo.

Kuhusu kuhamishia shule ya kulipia, mimi nakushauri usifanye hivyo kwa mkopo. Atakuta wenzake wamesoma Kiingereza tangu chekechea, ataanza mwisho wa darasa tena, safari hii ukiwa na deni, na deni la ada linamkalia mtoto kichwani kuliko fimbo ya baba yake. Tuisheni ya masomo yote nayo hapana. Nazijua hizo, watoto arobaini kwenye chumba kimoja, mwalimu anaandika maswali na majibu ubaoni wanakariri, saa kumi na mbili jioni, mtoto ametembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi na labda tumboni ana chai ya asubuhi tu. Na hilo la tumbo niulizie, shuleni kwao wanakula mchana? Kama wazazi wanachangia chakula na wewe hujachangia basi changia hicho kabla ya tuisheni, nakuomba, maana vipindi vya mchana mtoto mwenye njaa anakuwepo mwili tu.

Kama utapata hela kidogo ya kumlipa mtu, tafuta kijana au binti aliyemaliza kidato cha nne juzi juzi hapo mtaani kwenu. Mitihani yao inaisha novemba, wanaokwenda kidato cha tano wanaripoti mwezi wa saba, hapo katikati wako nyumbani hawana kazi na mambo bado yako kichwani. Mmoja aliyefanya vizuri Kiingereza na hesabu, siku tatu kwa wiki, saa moja moja, wawili tu mezani. Hapo mtoto anaweza kuongea Kiingereza kibovu bila mtu kumcheka. Hiyo ya kuchekwa mama usiione ndogo, kijana wa miaka 14 akichekwa mara mbili anafunga mdomo mwaka mzima, na lugha haiingii kwa mdomo uliofungwa.

Sasa wewe wa la saba unasaidiaje? Unasaidia sana, sikiliza. Vitabu vyake vya sayansi na maarifa ya jamii vya la sita na la saba vipo? Kama alivigawa avitafute, aazime hata kwa mdogo wake. Mwanao tayari anajua usanisinuru, anajua mmeng'enyo wa chakula, anajua mzunguko wa maji, alivisoma msingi na akafaulu. Kwenye biolojia anakutana na photosynthesis na digestion anadhani ni wanyama wapya. Kwa hiyo kabla ya kusoma mada kwa Kiingereza asome kwanza ile ile kwa Kiswahili kwenye kitabu cha zamani, dakika kumi tu, halafu ndio afungue notsi za sekondari. Sio kila mada ataikuta, ila zile atakazozikuta zitamrudishia imani kwamba kichwa chake bado kipo. Kisha anafunga daftari anakuja pale unapoosha vyombo anakueleza alichosoma, kwa Kiswahili. Wewe muulize tu, kwa nini? Inakuwaje? Nipe mfano wa hapa Kilosa. Huhitaji kujua kizungu kujua kwamba mtu anababaisha, mama anajua tu. Akishakueleza kwa Kiswahili anaandika sentensi tatu za Kiingereza za jambo hilo hilo. Tatu zinatosha. Nusu saa au dakika arobaini kila siku isipokuwa siku aliyochoka kabisa, usimkeshe mpaka saa sita akalale darasani kesho.

Mnunulie daftari moja dogo la maneno, maneno matano kwa siku kutoka kwenye kitabu cha siku ile, Kiingereza kushoto Kiswahili kulia, na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI kama shule ina maktaba aazime. Aanze na maneno ya kuulizia maswali. Hapa naomba unielewe vizuri maana hapa ndipo alama zinapomwagika bure, mtihani unasema define, mention, explain, outline, differentiate, na mtoto asiyejua tofauti ya mention na explain anaandika insha pale palipotakiwa kutajwa vitu vitatu, halafu anataja vitu vitatu pale palipotakiwa maelezo. Ana jibu kichwani na bado anapata sifuri. Maneno kama kumi na tano hivi akiyashika ndani ya mwezi mmoja mimi naamini ile 28 na ile 27 zinavuka 30 hata kabla hajajifunza kitu kipya, zimebaki alama mbili na tatu tu mama. Vitabu vya kiada vyenyewe, kama shuleni wanagawana, Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka bure kwenye maktaba yake mtandao, mwenye simu janja nyumbani anaweza kumfungulia.

Tuje kwenye huo mtihani wa kidato cha pili maana umesikia nusu nusu. Upo, ni upimaji wa kitaifa wa Baraza, unafanyika mwishoni mwa mwaka, na asiyefikia kiwango anarudia kidato. Kiwango chenyewe ni angalau D mbili au C moja. Kwa hiyo kwa B yake ya Kiswahili hata leo angevuka, kwa daraja la nne la pembeni kabisa. Nakwambia hivi ili upumue, na umwambie baba yake kwamba mtoto sio sifuri. Ila usimwambie mtoto kwamba inatosha. Kuna miaka kuanzia 2008 waliofeli kidato cha pili waliachwa waendelee tu na kidato cha tatu, na matokeo ya kidato cha nne ya 2012 tuliyaona, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Sababu zilikuwa nyingi lakini mimi niliwafundisha baadhi yao na najua, mtoto aliyevushwa na mzigo wake haumwi leo, anaumwa miaka miwili mbele na wakati huo hakuna wa kumrudisha nyuma. Mlenge mwezi wa sita awe na D kwenye Biolojia, Jiografia na Historia, na hesabu itoke 9 ifike hata 20. Ndio, 20! Usimdai 60, atakata tamaa.

Shuleni nenda. Usiende siku ya kikao cha wazazi wote mkiwa mia, nenda siku ya kawaida umwone mwalimu wa darasa, na usianze kwa lawama, yule naye ana watoto zaidi ya mia na madaftari hayasahihishiki yote. Mwambie mwalimu nina kijana wangu alikuwa vizuri msingi naona amekwama lugha, naomba akae mbele wakati tunashughulikia macho, na naomba akija kukuuliza kwa Kiswahili baada ya kipindi umsikilize. Walimu wengi watakubali, mzazi aliyefunga safari kwa ajili ya mtoto tunamkumbuka jina mwaka mzima.

Na baba yake. Mama, mimi ni mwanaume na mzazi, najua ile fimbo mara nyingi ni hofu, ametoa hela ya madaftari na sare akaona inazama. Usibishane naye usiku ule ule wenye hasira. Siku ametulia mwekee karatasi zako za biashara mezani, mwite kijana apige hesabu mbele yake, halafu mwonyeshe lile swali la profit and loss lililompa sifuri na mmwulize kijana amweleze baba lilikuwa linataka nini. Baba aone kwa macho yake. Ufundi wa magari ni kazi ya heshima na akiupenda mwenyewe siku moja vyuo vya ufundi vya VETA vipo, lakini mtoto akipelekwa gereji kama adhabu atauchukia ufundi na shule kwa pamoja, na hata hiyo gereji siku hizi gari likichomekewa mashine ya kupima linaandika hitilafu kwa Kiingereza. Mwombe baba mpaka mwezi wa sita kama alivyosema mwenyewe, ila mwombe na fimbo ikae pembeni kwa miezi hiyo, kijana asiyeongea hawezi kukwambia alipokwama.

Jumatatu mwachie mtu meza ya vitumbua, anza na macho. Mwezi wa tatu watakuwa na majaribio, niandikie tena unipe alama zote kama ulivyofanya, na karatasi ya hesabu ipige picha kurasa zote hata zile alizoacha wazi, nitaipitia mwenyewe swali kwa swali.